Joffrey cha mtoto! Adui namba moja ni mzee wa daraja

Wiki hii safu yenu imepanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Huko vijana hawagombanii Simba na Yanga peke yake. Wanagombania maadui. Si maadui wa mtaani, la hasha! Maadui wa kwenye Game of Thrones.

Usicheke kwanza. Mchezo huo HBO walianza kuurusha tarehe 17 Aprili 2011, wakaufunga tarehe 19 Mei 2019, misimu minane, sehemu 73, lakini kwa wabongo wengi haujaisha mpaka kesho. Waliotangulia kuuona ni wenye ving'amuzi vya bei mbaya. Sisi wengine tukasubiri sidii za kuchoma, halafu flashi, halafu memori kadi za simu. Mwenye laptop anakurushia msimu mzima kwa pesa ya soda, unaondoka nao mfukoni kama karanga. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, kuna madijei wanaoingiza sauti ya Kiswahili juu yake, kazi ambayo marehemu na walio hai wa fani hiyo wameifanya tangu enzi za mikanda ya VHS. Wa Dar es Salaam wa zamani wanamkumbuka Lufufu, Derek Mukandala kwa jina lake, alivyokuwa anamfanya Mzungu aongee kama mtu wa Manzese. Dijei hatafsiri tu, anatoa hukumu. Adui akitokea, kabla hajafungua mdomo, dijei ameshamtukana.

Sasa kwenye vibanda vya video tuliokulia sote, sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Umefika kibandani umechelewa, unauliza tu, "Stelingi nani?" Ukishaonyeshwa, unatulia, unajua huyo ataumizwa bega la kushoto na mwisho atashinda. Game of Thrones ikaja kuvunja sheria hiyo mchana kweupe. Ned Stark, stelingi kamili, mtu mzima mwenye heshima zake, anakatwa kichwa msimu wa kwanza, sehemu ya tisa. Watu walirudisha nyuma wakidhani flashi imeruka.

Na stelingi akishakufa, watu wanabaki wanamwangalia adui. Ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi: katika wale wabaya wote, nani mbaya kuliko wote?

Kundi la kwanza, tena lenye kelele, ni la Joffrey. Kitoto cha kifalme, nywele za dhahabu, roho ya nyoka. Aliahidi kwamba Ned akikiri makosa atamhurumia, mzee wa watu akakiri mbele ya umati, binti yake akiwa pale pale, halafu dogo akabadilisha maneno na kuamuru kichwa kiondoke. Alimuua malaya wa watu kwa mishale kwa kujifurahisha tu. Jack Gleeson, kijana aliyeigiza nafasi hiyo, aliifanya kwa ustadi mpaka mtu unatamani kuingia kwenye skrini umpe kofi moja tu, la malezi.

Lakini ndiyo hapo. Kofi la malezi! Adui ambaye tiba yake ni kofi hawezi kuwa namba moja. Huyu ni mtoto aliyedekezwa akapewa nchi. Mwondolee taji, anabaki wa kukimbilia kwa mama. Akafa kwa sumu kwenye harusi yake mwenyewe, msimu wa nne, na nina uhakika kuna watu waliofungua soda siku hiyo.

Kundi la pili ni la Mfalme wa Usiku, yule wa macho ya buluu anayefufua maiti. Hili ni kundi la wapenda muvi za majini. Nawaheshimu, lakini hoja yao nyepesi. Yule hana chuki na mtu. Walimtengeneza watoto wa msituni, wakamchoma jiwe kifuani wakiwa na vita yao, likawatokea puani. Baridi ikiua mbuzi wako huisemi kwamba ni baya kwa tabia. Ni baridi. Tena alivyokufa kirahisi vile, kisu kimoja cha Arya na shughuli ikaisha, mimi sina la kuongeza.

Cersei naye ana watu wake. Mwanamke aliyelipua hekalu zima kwa moto wa kijani, watu wote ndani, yeye yuko dirishani na glasi ya mvinyo. Kuna wanaosema alikuwa anawatetea wanawe. Sawa, ila mama mwenye watoto watatu akiwazika wote watatu, hiyo mbinu ya kutetea iliingia dosari mahali.

Kundi lililonifanya nikae sawa kwenye benchi ni la Ramsay Bolton, na wanaolishikilia sana ni akina dada. Wanaume wengi wakimtaja Ramsay wanataja yale ya Theon, kukatwa viungo, kubadilishwa jina, kufanywa mbwa wa ndani. Akina dada wanataja jambo jingine. Wanataja usiku wa ndoa ya Sansa. Dada mmoja aliyesuka rasta, mcheshi kwa kawaida yake, aliacha kucheka alipofika hapo. Alisema Mfalme wa Usiku hajawahi kumwona, wala mazimwi hajawahi kuyaona, lakini Ramsay anamjua. Mtu anayecheka na wageni sebuleni vizuri kabisa, na mlango wa chumba ukifungwa anakuwa mwingine. Watu wanasema una bahati umepata mume. Hakuna aliyembishia, na hata yule jamaa wa Joffrey aliangalia chini.

Mimi hoja hiyo naipa heshima zote. Kwa ukatili wa mkono wake mwenyewe, Ramsay hana mpinzani. Alimchoma kisu baba yake akiwa kamkumbatia, akawafungulia mbwa mama yake wa kambo na kichanga chake. Siku mbwa wale wale walipomgeukia, msimu wa sita, hakuna aliyemwonea huruma, hata wenye kufuga mbwa.

Lakini Ramsay ana jambo moja linalomtoa kwenye nafasi ya kwanza. Kila mtu alijua yeye ni Ramsay. Bendera ya ukoo wao ni mtu aliyechunwa ngozi! Ukiingia kwenye nyumba yenye bendera ya namna hiyo, moyo wako umeshakuambia kitu.

Mwalimu mmoja alitaka kutuhamisha kabisa tutoke kwa Wazungu. Akasema mnahangaika na Joffrey wakati Shaaban Robert aliwaandikia maadui wenu tangu 1952, Hasidi na Mwivu, wale ndugu wa kwenye Adili na Nduguze waliomtupa ndugu yao baharini kwa sababu ya wivu. Jini Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, na Adili akapewa amri ya kuwachapa kila usiku. Vijana wakamwambia mwalimu, hiyo ni ya mtihani, hiyo. Walimwonea. Kitabu kile kina kila kitu cha hizi sinema, majini, mji wa mawe, watu kugeuzwa wanyama, na adui wake ana jambo ambalo Joffrey hana: amekula sahani moja na yule anayemwangamiza.

Na hapo hapo, mama lishe aliyekuwa anatugeuzia chapati, ambaye muda wote tulidhani hasikilizi, akauliza swali. Alikuwa ameshasikia habari za harusi ile, harusi ya damu, mwanawe ameirudia mara kadhaa kwenye simu. Akauliza: "Hivi wanangu, yule mzee wa harusi, aliwalisha kwanza ndiyo akawaua, au aliwaua kabla hawajala?"

Wakamjibu, aliwalisha kwanza, mama.

"Basi mnabishana nini?"

Benchi zima kimya. Chapati ikaungua upande mmoja.

Mzee mwenyewe ni Walder Frey. Wengi wanamsahau kwenye orodha kwa sababu hana jeshi la maana, hana zimwi, hana sura ya kutisha. Kizee cha wake wengi na watoto wasiohesabika, kinakaa kwenye kiti kinanung'unika. Aliyeigiza ni David Bradley, yule yule mlinzi mwenye paka kwenye Harry Potter. Mali yake kubwa ni daraja. Mto unapita, yeye ana ngome mbili, moja huku na moja kule, na katikati daraja. Ukitaka kuvuka, lipa.

Sasa msomaji wangu wa Sinza au wa Kijitonyama, wewe unaona hilo ni jambo la kwenye sinema. Mtu wa Kilimatinde haoni hivyo. Huku kulipa ili upite ni historia ya babu yake. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ikatize Ugogo, nchi ya jua na maji machache, na watemi wa Kigogo walidai hongo. Si hongo hii ya leo ya kupeana chini ya meza, maana neno lenyewe limeharibika njiani. Ile ilikuwa ushuru wa hadharani, wa vitambaa na shanga na waya, unajadiliwa mchana, wakati mwingine siku nzima, na ukishalipwa unachota maji na unapita. Burton alipopita mwaka 1857 alilalamika. Stanley mwaka 1871 naye akalalamika, tena kwa kurasa. Ukiwasoma unadhani Wagogo walikuwa majambazi. Lakini visima ni vya nani? Mtu anachimba kisima chake kwenye ardhi kavu, unafika na msafara wenye mamia ya watu na punda, unataka maji bure?

Na upande wa magharibi msafara ulikuwa unasubiriwa na Mgunda Mkali, pori kavu la siku kadhaa kabla ya kuingia Unyamwezi. Ukifika ukingoni unajaza vibuyu, unanunua nafaka. Aliyetoka huko pori anafika midomo imepasuka. Mtu wa namna hiyo anaweka maisha yake mikononi mwa mwenye kisima. Miaka ya 1890 Wajerumani nao wakaona mahali pale ni pa kuweka kituo, wakajenga Kilimatinde. Baadaye reli ikachukua njia ya Manyoni, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kilimatinde ikabaki juu ya mlima wake ikiwatazama abiria kwa mbali. Wageni hawakukoma lakini. Ipo hospitali ya Kanisa Anglikana, na penye hospitali pana mtu aliyetoka mbali na mgonjwa wake, hana ndugu, anaomba pa kulaza ubavu.

Kwa hiyo huku Walder Frey anahukumiwa na watu wanaoijua kazi yake. Na tuwe wakweli, mwanzoni mzee yule hana kosa! Robb Stark alifika na jeshi lake anataka kuvuka. Mama yake, Catelyn, akaingia ndani kujadili hongo. Wakakubaliana: Robb ataoa binti wa Frey. Jeshi likavuka. Halafu Robb akakutana na Talisa, moyo ukamwenda mbio, akamwoa huyo. Hongo hakulipa!

Hapo wanaume wa Kilimatinde wote walikuwa upande wa mzee. Umechumbia binti wa watu, umetumia daraja la watu, halafu unaleta habari za mapenzi? Hata leo ukifanya hivyo wazee watakuita na faini utatoa. Na Frey aliita wazee. Akataka faini, na faini ikatoka: Edmure, mjomba wake Robb, amuoe binti badala ya Robb, na Robb mwenyewe aje aombe radhi mbele ya mabinti wote. Robb akaja. Akaomba radhi. Akatukaniwa mkewe mbele ya watu, akavumilia. Ukaletwa mkate na chumvi, wageni wakala. Kwenye nchi zile za kwenye mchezo hicho ndicho kiapo: ukishakula mkate na chumvi ya mtu, wewe na yeye hamgusani mpaka uondoke.

Kesi ilikuwa imekwisha, jamani. Deni limelipwa, chakula kimeliwa, bibi harusi amepelekwa chumbani. Halafu mlango ukafungwa, na wapiga muziki wakabadilisha wimbo.

Iliporushwa kwa mara ya kwanza, tarehe 2 Juni 2013, msimu wa tatu, sehemu ya tisa, dunia nzima ililia. Robb, mama yake, mkewe na mimba yake, askari wake nje kwenye mahema wakiwa wamelewa pombe ya mwenyeji. Wapo wanaosema aliyepanga ni Tywin Lannister kwa barua, na aliyemmalizia Robb kwa kisu ni Roose Bolton, kwa hiyo Frey ni mpangishaji ukumbi tu. Tywin mwenyewe alijitetea kwamba kuua watu kadhaa mezani ni afadhali kuliko kuua maelfu vitani. Hesabu hiyo inaonekana tamu, na ndiyo inayowatega vijana wasomi. Lakini Tywin alikuwa adui wa wazi, vita vilikuwa vyao. Roose ni msaliti, na wasaliti tunao mpaka kwenye vikoba. Frey peke yake ndiye aliyesema karibuni.

Kwenye mchezo wenyewe wamelisema hilo, ila wengi hulipita wakitafuta mapigano. Sehemu inayofuata tu, Bran anawasimulia wenzake kisa cha mpishi aliyemuua mtoto wa mfalme aliyekuja mgeni, akampika, akampa baba yake ale. Miungu ikamgeuza panya. Na Bran anafafanua: hawakumgeuza kwa kuua, wala kwa kile chakula. Ni kwa sababu aliyeuawa alikuwa mgeni chini ya paa lake.

Na George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vyake, hakuyatoa hewani. Ameeleza mwenyewe kwamba aliyachukua kwenye historia ya Uskoti. Mwaka 1440 kijana wa ukoo wa Douglas na mdogo wake walialikwa chakula kwenye ngome ya Edinburgh mbele ya mfalme mtoto wa miaka kumi, wakatolewa nje na kukatwa vichwa. Na mwaka 1692 huko Glencoe askari walikaa kwa ukoo wa MacDonald karibu wiki mbili, wanakula, wanalala, wanacheza karata, halafu alfajiri ya tarehe 13 Februari wakawageukia wenyeji wao na kuwaua watu 38 hivi. Sheria ya zamani ya Uskoti ilikuwa na jina kabisa la kosa hilo, kumuua mtu aliyekuamini, na ililihesabu kuwa zito kuliko kuua kwa kawaida. Majaji wa Uskoti na mama lishe wa Kilimatinde hawajawahi kukutana, na hukumu ni ile ile.

Mimi basi kura yangu nimempa Frey. Dada wa rasta hakukubali. Alisema mgeni wa Frey alikufa usiku mmoja, Sansa alikaa na Ramsay usiku mwingi. Tena akaongeza jambo ambalo limenikaa: hata bibi harusi ni mgeni kwenye nyumba anayoingia, naye amelishwa, naye ameambiwa karibu. Nikatafuta jibu, nikanunua chapati nyingine.

Tungeweza kuachana salama, ila yule mwalimu akachokoza tena. Akauliza, na Arya je? Stelingi wetu, kipenzi cha vibanda vyote. Mwisho wa msimu wa sita aliingia nyumbani kwa Frey kwa sura ya mtumishi, akampikia mzee watoto wake kwenye mkate wa nyama, mzee akala, halafu akamkata koo. Mwanzo wa msimu wa saba akavaa sura ya marehemu, akawaita wanaume wote wa ukoo karamuni, akawamiminia mvinyo wa sumu na kuwaambia karibuni. Vibanda vyote vilishangilia. Je, tofauti ni nini?

Wa kundi la Joffrey wakasema ni kisasi, kisasi ni haki. Wengine wakasema ukumbi ule haukuwa wa Arya, kwa hiyo hakuwa mwenyeji, alikuwa mgeni aliyeua wenyeji, kama Glencoe. Mmoja akadai hakutoa mkate, alitoa kinywaji tu, na kiapo ni mkate na chumvi. Kijana huyo anafaa kusomea sheria.

Mama lishe alipoulizwa, alisema yeye anataka kwanza pesa yake ya chapati kabla kundi lolote halijaondoka. Alilipwa yote.